Zinki ikizidi, shaba hukwamia utumboni

Mgonjwa anameza vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu, damu haipandi. Malaria hana, minyoo hana. Hapo swali langu huwa moja: unameza zinki?

Shaba inayohitajika mwilini ni kidogo mno: mikrogramu 900 kwa siku kwa mtu mzima, 1,000 kwa mjamzito, 1,300 kwa anayenyonyesha. Konzi ya korosho, gramu 28 hivi, ina kama 600. Gramu 85 za maini ya ng'ombe hupita 12,000, kwa hiyo hakuna haja ya kuyala kila siku.

Shaba huingia kwenye seli za utumbo mwembamba kupitia protini iitwayo CTR1, kisha protini nyingine, ATP7A, huitoa upande wa pili hadi kwenye damu. Ini huipokea, huipachika kwenye seruloplazmini, protini inayobeba shaba kwenye damu, na kuirudisha katika mzunguko wa damu. Ziada hutoka na nyongo kwenda chooni. Kwenye mkojo hupita kiasi kidogo sana.

Sasa zinki. Ikiwa nyingi, huzifanya seli za utumbo zitengeneze metalothioneini, protini inayoing'ang'ania shaba kuliko inavyoishika zinki yenyewe. Seli hizo huishi siku chache tu, na zikibanduka huondoka na shaba yote. Miligramu 50 au zaidi za zinki kila siku, kwa wiki kadhaa, zinatosha kuvuruga mambo.

Seruloplazmini ndiyo inayokigeuza chuma kiweze kubebwa na damu. Ikipungua, chuma hubaki ghalani, hata umeze vidonge vingapi. Chembe nyeupe nazo hushuka. Baadaye miguu hufa ganzi na mtu huyumba akitembea, dalili ambazo wengi huzidhania upungufu wa vitamini B12. Zinki ikisimamishwa na shaba ikirudishwa kwa usimamizi wa daktari, damu hupona ndani ya wiki kadhaa. Neva mara nyingi hazirudi zilivyokuwa.

Omba shaba, seruloplazmini na zinki zipimwe pamoja. Ujauzito, maambukizi na vidonge vya uzazi wa mpango hupandisha seruloplazmini, hivyo jibu la "kawaida" linaweza kudanganya.

Mtoto anayeharisha ni habari nyingine: miligramu 20 za zinki kwa siku (10 akiwa chini ya miezi 6), kwa siku 10 hadi 14. Muda huo ni mfupi, haudhuru shaba. Mmalizie dozi.