Waandishi wa Ireland hawashuki na mvua: dhana potofu kuhusu warsha, usomaji na matamasha yao ya fasihi

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 5.1 katika Jamhuri ya Ireland, pungufu ya waliohesabiwa mwaka huohuo katika Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Ukiongeza Ireland Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, kisiwa kizima kina watu kama milioni 7. Kisiwa hicho kimetoa washindi wanne wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi: W. B. Yeats (1923), George Bernard Shaw (1925), Samuel Beckett (1969) na Seamus Heaney (1995). Ukiuliza siri yao ni nini, wengi watakujibu kwamba ni damu, ni mvua isiyokatika, ni baa na simulizi za kando ya moto.

Jibu hilo linaniudhi kwa sababu linamkatisha tamaa kijana anayeandika. Kama ni damu, asiye nayo aweke kalamu chini. Ukifuatilia maisha ya waandishi wenyewe, unakuta vitu vinavyoonekana na kushikika: chumba chenye viti, mtu aliyesoma kazi ya mwenzake kwa makini, mji ulioamua kuandaa tamasha, na bajeti iliyopitishwa.

“Kuandika hakufundishwi. Waairishi wanazaliwa nako.”

Tumchukue Heaney mwenyewe, mtoto wa mkulima na mfanyabiashara wa ng'ombe huko Derry. Mwaka 1963 mhadhiri kutoka Uingereza, Philip Hobsbaum, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast, alianza kuwaalika nyumbani kwake vijana waliokuwa wakiandika. Kundi hilo likaja kuitwa Belfast Group. Heaney alikuwa na umri wa miaka 24 na hakuwa amechapisha kitabu chochote. Walikuwapo pia mshairi Michael Longley, mtunzi wa tamthilia Stewart Parker, na baadaye Bernard MacLaverty, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa maabara chuoni hapo.

Utaratibu wao unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndio uti wa mgongo wa warsha nyingi hadi leo. Kila kikao kilikuwa na mwandishi wake. Kazi zake zilichapwa kwa taipureta, zikadurufiwa na kugawiwa kwa wanakikundi siku kadhaa kabla, ili mtu asije kutoa maoni juu ya shairi alilolisikia mara moja tu. Siku ya kikao mwandishi alisoma kwa sauti, kisha wenzake wakaijadili kazi mstari kwa mstari mbele yake. Nusu ya kwanza ikiisha, wanapata kahawa, halafu yeyote mwenye jambo lake anasoma.

Hobsbaum alipohamia Glasgow mwaka 1966, Heaney akaliongoza kundi. Mwaka huohuo kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka London. Kundi liliendelea hadi 1972, na miongoni mwa vijana wa miaka yake ya mwisho alikuwamo mshairi Paul Muldoon, mwanafunzi wa Heaney pale chuoni. Sisemi kwamba kikundi ndicho kilichompa Heaney kipaji. Nasema kwamba katika miaka yake ya kujenga mkono alikuwa na watu waliomsoma kabla ya wachapishaji. Katika mji uliogawanyika kwa dini kama Belfast, walikaa pamoja chumba kimoja Wakatoliki na Waprotestanti, kazi yao ikiwa kujadili ushairi. Hilo halikuletwa na damu. Kuna mtu alifungua mlango wa nyumba yake.

“Warsha huwafanya watu wote waandike kwa namna moja.”

Hofu hii inaeleweka, na ipo warsha mbovu inayoweza kukuharibia kazi. Ila msome Heaney, kisha Longley, kisha Muldoon, useme kama hawa watatu wanafanana. Longley amewahi kueleza kwamba mijadala ya kundi lile haikumfanya abadilishe hata nuktamkato moja. Alikuja kikaoni, akasikiliza, akarudi nyumbani na shairi lake kama lilivyokuwa. Mtu anaweza kufaidika na warsha bila kuitii. Faida yake ni kwamba umewasikia wasomaji wenye bidii wakiisoma kazi yako huku umenyamaza, ukajua wapi walichoka na wapi walielewa kitu ambacho hukukikusudia. Uamuzi unabaki kuwa wako.

Anayetaka kujaribu ana milango mingi siku hizi. Kituo cha Waandishi cha Ireland kilianzishwa mwaka 1991, na makao yake yako Parnell Square, Dublin. Hapo mtu yeyote anaweza kulipia kozi ya jioni ya riwaya, hadithi fupi au ushairi. Chuo cha Trinity kilianzisha shahada ya uzamili ya uandishi bunifu miaka ya 1990, katika nyumba alimozaliwa mwandishi Oscar Wilde. Jarida la The Stinging Fly, lililoanza mwaka 1997, linachapisha hadithi na pia linaendesha warsha. Kitabu cha kwanza cha mwandishi Kevin Barry kilitoka kwa wachapishaji hao hao mwaka 2007.

“Matamasha ya fasihi ni mambo ya Dublin na ya wasomi.”

Dhana hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ukweli wake ni mzuri kuliko dhana yenyewe.

Listowel ni mji mdogo wa wakazi wapatao 5,000 katika Kaunti ya Kerry, kusini-magharibi. Ni mji wa soko na wa mbio za farasi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 una Wiki ya Waandishi, na ni miongoni mwa matamasha ya fasihi ya zamani zaidi nchini humo. Nguzo zake za mwanzo walikuwa wenyeji. Bryan MacMahon alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini hapo. Asubuhi anafundisha watoto, jioni anaandika hadithi fupi. Tamasha lilipoanza, aliendesha warsha za uandishi wakati ambapo jambo hilo lilikuwa geni kabisa nchini. John B. Keane alikuwa na baa yake Mtaa wa William. Humo aliwauzia watu bia, akasikiliza mazungumzo yao, na usiku akaandika tamthilia.

Keane alipeleka tamthilia yake ya Sive kwenye ukumbi wa maigizo wa taifa, Abbey, Dublin, ikakataliwa. Kikundi cha maigizo cha Listowel, watu wa kujitolea wasiolipwa, wakaichukua na kuigiza mwaka 1959, na ikashinda mashindano ya maigizo ya nchi nzima. Dublin ikalazimika kusikiliza. Mji uliopitia jambo kama hilo hauhitaji kushawishiwa kwamba unaweza kuandaa tamasha lake wenyewe.

Na si Listowel peke yake. Sligo imekuwa na shule ya kiangazi ya Yeats tangu 1960. Galway ina tamasha la Cúirt, lililoanza kama tamasha la ushairi mwaka 1985. Bantry, mji wa bahari huko Cork Magharibi, hujaa waandishi kila Julai. Mji wa Ennis wanaandaa tamasha kwa ajili ya vikundi vya wasomaji vitabu, yaani wageni rasmi ni wasomaji. Dublin nayo ina tamasha kubwa, na ilitangazwa Mji wa Fasihi wa UNESCO mwaka 2010, lakini ukitaka kuona fasihi ikiishi na watu, panda basi utoke nje ya jiji. Usomaji unafanyika maktaba, ukumbi wa hoteli, kanisa, hata kwenye baa ambayo mwenyewe amezima televisheni kwa saa moja. Mwenye duka na nesi aliyetoka zamu wanakaa safu moja na profesa.

“Ireland imewapenda waandishi wake siku zote.”

Hapana. Sheria ya udhibiti wa machapisho ya mwaka 1929 iliruhusu bodi kupiga marufuku vitabu, na ilivipiga kwelikweli. Riwaya ya kwanza ya Edna O'Brien, The Country Girls, ilipigwa marufuku ilipotoka mwaka 1960 kwa sababu ilieleza maisha na matamanio ya wasichana wawili wa kijijini. Mwaka 1965 ikaja zamu ya The Dark, riwaya ya John McGahern. Yeye alipoteza na kazi yake ya ualimu. Sheria ililegezwa mwaka 1967, vitabu vingi vikaachiwa. Kuna watu wanaodhani riwaya ya Ulysses ya James Joyce nayo ilikuwa kwenye orodha hiyo. Bodi ya Ireland haikuwahi kuipiga marufuku rasmi, ingawa kwa miaka mingi kitabu hakikupatikana kwa urahisi madukani.

Hata Bloomsday, sikukuu ya Juni 16, siku inayosimuliwa katika Ulysses, inayojaza mitaa ya Dublin watu waliovaa kofia za kizamani, ilianza mwaka 1954 na watu wachache tu, wakiwamo waandishi Patrick Kavanagh na Flann O'Brien, waliokodi magari ya farasi kufuata njia za wahusika wa Joyce. Hawakumaliza safari, iliishia kwenye baa. Heshima inayoonekana leo ilidaiwa na waandishi na wasomaji waliokataa kunyamaza, na kila jukwaa la usomaji lilikuwa sehemu ya madai hayo. Edna O'Brien alifariki mwaka 2024 akiwa na heshima ya juu kabisa ambayo wasanii wa nchi yake humpa mwenzao.

“Serikali inawalisha, ndiyo maana wanaandika.”

Hapa kuna ukweli nusu. Tangu 1969 mapato ya mwandishi kutokana na kazi ya ubunifu yanaweza kusamehewa kodi ya mapato, lakini kuna kikomo cha euro 50,000 kwa mwaka, na ada unayolipwa kwa kufundisha warsha haimo. Ni waandishi wachache sana wanaokikaribia kikomo hicho. Aosdána, jumuiya ya wasanii iliyoanzishwa mwaka 1981, ina nafasi 250 kwa wasanii wa fani zote, na ndani yake wenye kipato kidogo hupata posho. Mwaka 2022 serikali ilianza majaribio ya miaka 3 ya kuwapa wasanii 2,000 euro 325 kwa wiki. Walioomba walikuwa wengi zaidi ya nafasi, wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Waliobaki walikuwa wengi.

Kwa hiyo mwandishi wa kawaida wa Ireland anaishi kwa kuunganisha vipande: ada ya kufundisha warsha, malipo ya kusoma kwenye tamasha, siku chache za kwenda shuleni kuzungumza na watoto, ruzuku ya Baraza la Sanaa akibahatika. Warsha na matamasha ni sehemu ya riziki yake. Wanaopendekeza mwandishi aalikwe bure kwa kuwa anapata nafasi ya kutangaza kitabu chake waelewe wanachomnyang'anya.

Msaada ninaouthamini kuliko yote ni wa muda wa kufanya kazi. Mwongozaji wa tamthilia Tyrone Guthrie alipofariki mwaka 1971 aliiachia serikali nyumba yake ya Annaghmakerrig, Kaunti ya Monaghan, iwe mahali pa wasanii. Ilifunguliwa mwaka 1981, na mabaraza ya sanaa ya pande zote mbili za mpaka huichangia. Mchana kila mtu yuko chumbani na kazi yake, nje kuna ziwa na msitu, hakuna anayekugongea. Saa moja jioni wote wanakutana kwenye meza moja kwa chakula.

“Ni Kiingereza tu.”

Oireachtas, tamasha la utamaduni wa lugha ya Kiairishi, lilianza mwaka 1897 wakati nchi bado iko chini ya Uingereza. Tangu 2004 kuna pia Imram, tamasha la fasihi kwa lugha hiyo. Mshairi Nuala Ní Dhomhnaill anatunga kwa Kiairishi peke yake. Diwani yake ya 1990, Pharaoh's Daughter, ilitoka na tafsiri zilizofanywa na washairi 13 tofauti, Heaney na Muldoon wakiwamo. Mshairi anayetunga kwa lugha yenye wasemaji wachache akahudumiwa na wenzake wenye majina makubwa: hilo nalitamani sana kwa washairi wetu wa lugha za nyumbani.

“Mgeni hana nafasi, na asiyechapisha asijisumbue.”

Galway tangu 2003 wana usomaji uitwao Over the Edge, unaofanyika maktaba ya mji. Wanasoma kwanza waandishi walioalikwa, kisha jukwaa linakuwa wazi kwa yeyote aliyeandikisha jina. Hakuna anayeuliza una vitabu vingapi wala ulizaliwa wapi. Unapewa dakika chache, unasoma, unashuka. Waandishi kadhaa walioalikwa baadaye kama wageni rasmi walianzia hapo.

Melatu Uche Okorie alizaliwa Nigeria. Alifika Ireland mwaka 2006 akiomba hifadhi, akaishi miaka minane na nusu katika hosteli za waomba hifadhi, wakati ambapo watu wa hali yake hawakuruhusiwa hata kufanya kazi. Akasoma shahada ya uandishi bunifu pale Trinity. Mwaka 2018 kitabu chake cha hadithi, This Hostel Life, kilichapishwa na Skein Press. Hadithi iliyobeba jina la kitabu inasimuliwa na mwanamke aliyepanga foleni hosteli kusubiri mgao wa wiki, kwa Kiingereza ambacho wanawake wa Kiafrika walikizungumza wao kwa wao mle ndani. Mwandishi hakukisafisha ili kimpendeze mtu, na matamasha ya Ireland yakamwalika aje akisome hivyohivyo.