Shule za kanisa Urusi ya kifalme: mtoto wa mkulima alisomea wapi?

Swali hili tunaulizwa sana, kwamba kabla ya mapinduzi ya 1917 mtoto wa mkulima wa Urusi alisomea wapi, na wengi wanadhani hakusoma kabisa. Jamani, si kweli. Ni kweli sensa ya 1897 ilikuta wanaojua kusoma ni kama asilimia 21 tu, na kwa wanawake ni 13, lakini vijijini shule zilikuwepo na nyingi zilikuwa mikononi mwa kanisa la Orthodox.

Ilikuwaje? Mwaka 1861 Tsar Alexander wa Pili aliwaachia huru wakulima waliokuwa mali ya mabwana wa mashamba, alafu 1864 yakaundwa mabaraza ya mikoa yanayoitwa zemstvo, nayo yakaanza kujenga shule zake. Machi 1881 Tsar huyo akauawa kwa bomu, serikali ikaingiwa na hofu kubwa, na mtu aliyesikilizwa sana wakati huo alikuwa Konstantin Pobedonostsev, msimamizi wa Sinodi Takatifu, yaani baraza lililoongoza kanisa la Orthodox Urusi, ambaye aliamini kabisa kwamba elimu ya mwanakijiji inatakiwa ianzie kanisani. Ndo zikatoka kanuni za Juni 1884 za shule za parokia. Shule ya darasa moja ilikuwa ya miaka miwili na masomo yake yalikuwa dini, kuimba nyimbo za kanisa, kusoma Kislavoni cha kanisa (lugha ya zamani ya ibada) na Kirusi, kuandika, na hesabu za mwanzo, basi.

Hebu lione darasa lenyewe. Shule inafunguliwa mavuno yakiisha na inafungwa masika, kwasababu baada ya hapo mtoto anahitajika shambani au kuchunga. Chumba ni kimoja, wadogo wanataja herufi az, buki, vedi, wakubwa wanasoma Zaburi kwa sauti. Na wazazi walikuwa na hesabu zao, maana mtoto anayejua kusoma Zaburi anaweza kuitwa kumsomea marehemu usiku kucha, hiyo ni heshima kwa nyumba nzima, na kwa sheria ya jeshi ya 1874 kijana aliyemaliza shule ya msingi alitumikia miaka 4 badala ya 6. We mzazi ungemtoa mwanao shule?

Shida kubwa ilikuwa mwalimu. Padri ana misiba, ndoa, ubatizo, na shamba lake mwenyewe, kwahiyo vipindi vingi vilipotea, na walimu wasaidizi walilipwa kidogo mno, wengi wao mabinti waliotoka shule za dayosisi. Mwaka 1891 hata vile vishule vidogo vya kujua kusoma tu viliwekwa chini ya kanisa, na mwanzoni mwa karne ya 20 jumla ya shule za kanisa ilikuwa zaidi ya 40,000. Namba ilikuwa kubwa, ubora ulipishana sana.

Ila tusizihukumu zote kwa kapu moja. Sergei Rachinsky alikuwa profesa wa mimea Moscow, ndiye aliyemtafsiri kwa Kirusi Darwin, yule mwanasayansi wa mageuko ya viumbe, akaacha chuo akarudi kijijini kwao Tatevo, mkoa wa Smolensk, kufundisha watoto wa wakulima, na dini ndo ilikuwa moyo wa shule yake. Watetezi wa shule za parokia walimtolea mfano sana. Mwanafunzi wake Nikolai Bogdanov-Belsky alichora darasa hilo mwaka 1895, ubaoni kuna hesabu ya kufanya kichwani: 10, 11, 12, 13 na 14, kila moja ijizidishe yenyewe, jumlisha zote, gawanya kwa 365. Jaribu. Tatu za kwanza zinakupa 365, mbili za mwisho 365 tena, jibu ni 2. Watoto wa kijijini hao!

Juni 1917 Serikali ya Muda, iliyoshika nchi baada ya Tsar kuondoka, ilizihamishia shule za kanisa wizara ya elimu, na mwanzoni mwa 1918 Wabolshevik, wakomunisti waliochukua madaraka baada yake, wakatenganisha kabisa shule na kanisa.

Huyo mchoraji Bogdanov-Belsky mwenyewe alizaliwa kwenye umaskini mkubwa. Mwaka 1897 alichora picha nyingine, kijana wa nguo zilizochanika, mkoba na fimbo ya safari, katupa mgongo kwetu, kasimama mlangoni mwa darasa anawaangalia wenzake wanasoma, bado hajaingia.