Vinundu kwenye mizizi ya kunde si lazima viwe ugonjwa

Baadhi ya wakulima huamini kwamba vinundu kwenye mizizi ya kunde au maharage ni ugonjwa, hivyo mche huweza kung'olewa. Mara nyingi ni makazi ya bakteria waitwao raizobia. Mmea huwapa sukari. Wao hunasa naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, na kuigeuza chakula cha mmea.

Hofu hiyo ina sababu: minyoo fundo, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni, nao huvimbisha mizizi. Chimbua mche mmoja unaoanza kutoa maua (ukiung'oa, vinundu hubaki ardhini), suuza udongo. Kinundu cha bakteria hubanduka kwa kidole. Kipasue kwa ukucha: kinachofanya kazi kina wekundu kama nyama mbichi. Uvimbe wa minyoo haubanduki. Ni mzizi wenyewe ulionenepa.