Mfupa si boriti

Nyumba za Mji wa Kale hapa Mombasa zimebebwa na boriti za mikoko, na wagonjwa wangu wengi huufikiria mwili vivyo hivyo: mifupa ni boriti, nyama ni udongo uliokandikwa juu yake. Hawajakosea. Mifupa 206 ya mtu mzima ndiyo inayotusimamisha, misuli huivuta ili tutembee, fuvu hulinda ubongo, na mbavu hukinga moyo na mapafu. Hayo tulifundishwa shuleni.

Lakini boriti hufika mjini imekwisha kufa, ilhali mfupa u hai. Mzee mmoja wa Majengo, aliyegongwa na pikipiki akavunjika muundi, aliniuliza, “Mwanangu, plasta hii ndiyo inayogandisha mfupa?” Nikamjibu, “La, mzee wangu, plasta inautuliza tu; unaojiunga ni mfupa wenyewe.” Nikamwekea picha mbili za eksirei: katika ya kwanza ufa ulikuwa mstari mweusi, na katika ile ya wiki ya nane mstari huo ulikuwa umezingirwa na kitu kama wingu jeupe. Wingu hilo ni mfupa mpya, uliotanguliwa na damu iliyoganda mahali pa jeraha, kisha gegedu laini kama la sikio, kisha madini. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

Mfupa pia ni ghala. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo humo, na ile kidogo iliyo katika damu ikipungua, tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni inayoamuru mfupa ulipe deni, kwa sababu moyo hauwezi kupiga sawasawa bila kalsiamu. Asiyekula maziwa, mboga za majani wala dagaa huila mifupa yake mwenyewe polepole.

Kazi ninayoistaajabia zaidi hufanywa na uboho, ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Ndani ya nyonga, kidari na pingili za uti wa mgongo hutengenezwa chembe nyekundu za damu zaidi ya milioni 2 kila sekunde, kwani kila moja huishi siku 120 hivi. Katika ugonjwa wa selimundu (sickle cell), ambao tunao sana hapa Pwani, chembe hizo hupinda na kuziba mishipa midogo ya mifupa, na ndiyo sababu ya yale maumivu makali. Kwa mtoto mchanga dalili ya kwanza huweza kuwa kuvimba kwa viganja na nyayo. Tafadhali asikandwe mafuta tu, aletwe apimwe damu.