Kupanga nyumba ugenini: ulizia amana kabla ya rangi ya kuta

Malalamiko mengi ya wapangaji wageni huanza kwa namna moja. Mtu amepata kazi au nafasi ya masomo nchi nyingine, safari imebaki wiki mbili, na mtandaoni kaona nyumba nzuri kwa kodi ya chini kuliko zote za mtaa ule. Mwenye nyumba ni mpole na anajibu upesi, ila yuko safarini. Funguo zitakuja kwa posta amana ikishalipwa. Huyo hana nyumba. Picha kazitoa kwenye tangazo la mwingine, na pesa ikishatumwa hairudi. Kama hujafika na huna mtu wa kuingia kuikagua kwa niaba yako, lala nyumba ya wageni siku chache ukitafuta kwa miguu yako. Ni gharama, najua, lakini haifiki amana iliyoliwa.

Na amana ndiyo hasa inayowachanganya wageni. Si kodi wala si bakshishi. Ni pesa yako aliyoshika mtu mwingine, iwapo utaacha deni au uharibifu, na kila nchi ina sheria yake kuhusu kiasi na mahali pa kuiweka. Ujerumani haizidi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za joto na maji; mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu 3, na mwenye nyumba lazima aitenge na fedha zake mwenyewe. England ni wiki 5 za kodi, ikiwa kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000, na ndani ya siku 30 mwenye nyumba aiandikishe kwenye mpango wa kulinda amana ulioidhinishwa na serikali. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji kati ya mara 1 na mara 3 ya amana hiyo. Ufaransa ni mwezi 1 kwa nyumba tupu, 2 kwa yenye samani. Quebec, huko Kanada, mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana hata kidogo, na bado wageni huitoa kwa sababu hawakuuliza.

Japani kuna jambo lake. Pamoja na amana, mpangaji anaweza kutakiwa kulipa *reikin*, yaani pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba. Hii hairudi. Si utapeli, ni desturi ya siku nyingi, lakini kwa kuwa zote mbili hulipwa wakati mmoja, taka risiti ionyeshe ipi ni ipi.

Kwenye mkataba, uliza kodi imebeba nini. Wajerumani husema "kodi baridi" na "kodi moto": ya kwanza ni nyumba peke yake, ya pili ina gharama za joto na huduma nyingine, na tangazo huenda likakuonyesha ile ya baridi tu. Uliza pia kama utaruhusiwa kuandikisha anwani. Hukohuko Ujerumani unatakiwa kujiandikisha ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia, ukiwa na karatasi ya uthibitisho kutoka kwa aliyekupangisha. Anayekwambia "kaa tu, ila usijiandikishe hapa" anakuachia tatizo litakalokufuata hadi ofisi ya kodi za serikali.

Siku ya kukabidhiwa funguo usiwe na haraka, hata dalali akiangalia saa. Fungua bomba la maji ya moto, uliache mpaka joto lije. Washa kila jiko. Piga picha ya mita, namba zisomeke. Kisha piga magoti uchungulie chini ya sinki: mbao zilizovimba maana yake bomba linavuja, na usipoziandika leo, siku ya kuondoka zitahesabiwa kuwa umezivimbisha wewe. Ufaransa ukaguzi huu una hati yake, husainiwa na pande zote mbili mnapoingia na mnapotoka. Hati mbili zikilingana, amana irudishwe ndani ya mwezi 1. Zikitofautiana, miezi 2. Ukigundua kasoro baada ya kusaini hati ya kuingia, una siku 10 za kuomba iongezwe.

Notisi ya kuhama itoe kwa maandishi na ubaki na nakala. Ukiwa unarudi kwenu, usifunge akaunti yako ya benki ya nchi ile kabla amana haijaingia: wapo wanaokabidhi funguo asubuhi, wanafunga akaunti mchana, halafu wanabaki miezi wakibishana kwa barua pepe kuhusu makato ya kutuma pesa nje.