“Tutarekebisha toleo lijalo” ni ahadi hewa

Wiki hii nimeambiwa tena: “Tuitoe lugha yetu ya programu, kasoro za sintaksia (kanuni za kuiandika) tutazirekebisha toleo lijalo.” Hapana, ndugu zangu. Lugha ikishatoka ina wenyewe.

Chukua lugha ya C. Andika `if (x & 4 == 4)` ukitaka kupima biti ya tatu. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo, inaanza na `4 == 4`, inapata 1, kisha inafanya `x & 1`. Umepima biti ya kwanza, na programu inaendelea kama kawaida. Kasoro hii ilitoka B, lugha iliyoitangulia C, ambako `&` ilifanya kazi mbili: “na” ya biti na “na” ya kuunganisha masharti. Dennis Ritchie, muundaji wa C, alipoleta `&&` kwa kazi ya pili, aliiacha `&` palepale chini ya `==` katika mpangilio wa kukokotoa, asije akavunja programu zilizokwisha kuandikwa. Zilikuwa kilobaiti mia kadhaa tu, kwenye mitambo labda mitatu! Baadaye aliandika kwamba ingefaa kuisogeza. Tabo inayolazimika kuanza mistari ya amri katika Makefile, faili la maagizo la zana ya make, nayo ni hivyohivyo: Stuart Feldman, aliyeitunga make, alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, hakutaka kuwasumbua. Kwa hiyo msinitajie 1.0, toleo rasmi la kwanza. Mlango unafungwa siku mtu wa pili anapohifadhi faili lake.

Kinachoniudhi zaidi ni kutia kasoro zote kapu moja. Lugha ya Python, toleo 3.0 la 2008, ilipogeuza `print` kuwa funksheni, `print "habari"` ilikataliwa papo hapo na mstari wenye kosa ukatajwa. Inauma, ila unaiona. Sasa tazama `/`, alama ya kugawanya. Katika Python 2, `3/2` ilitoa 1. Katika 3 inatoa 1.5, bila onyo: msimbo uleule, jibu jingine. Kasoro ya namna hii ndiyo ninayoisimamishia toleo, hata tarehe ikiwa imetangazwa. Ile ya `print` naweza kuiachia, kompaila itawaambia watu.

Lugha ya Go ndiyo inayonitia shaka. Kigeu cha kitanzi, kilichokuwa kimoja kwa mizunguko yote, walikirekebisha kwenye 1.22, Februari 2024, karibu miaka 12 baada ya Go 1. Badiliko la kimyakimya hasa! Waliliweza kwa sababu faili la `go.mod`, linalokaa na kila mradi, hutaja toleo la lugha, hivyo msimbo wa zamani ukabaki na maana yake. Je, mstari kama huo unatosha nilegeze masharti? Labda. Ila msomaji sasa analazimika kufungua faili jingine ndipo aelewe kitanzi cha mistari mitatu, na gharama hiyo sijaona anayeipima. Kwa hiyo mstari wa kutaja toleo nauweka tangu mwanzo, na `&` bado naipandisha juu ya `==` kabla ya kutoa chochote.