“Toroka Kabla Hajaona” na Mengine Tunayoambiana Getini Kila Januari

Jumatatu ya kwanza ya muhula, geti la shule yetu hapa Kisumu huwa na kelele kuliko stendi ya basi. Tuktuk zimepangana hadi barabarani, bodaboda moja imebeba watoto watatu, begi la wa nne limening'inia kwenye usukani. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 1. Husimama pale na rejesta kwapani nikisikiliza wazazi wakipeana mawaidha. Mengi yake nimeyasikia miaka nenda miaka rudi, na mengine niliwatendea wanangu mwenyewe kabla sijapata akili. Nia huwa njema. Tatizo ni kwamba mawaidha hayo humchukua mtoto kama mzigo: ukishafika, umefika.

“Toroka akiwa hajaona, atanyamaza tu”

Mwaka mmoja mama alimkalisha mwanawe kwenye kiti, akampa andazi, akanikonyeza nimshughulishe. Nikachukua chaki nikaanza kuchora samaki. Mtoto alipogeuka, mlango ulikuwa mtupu. Hakulia papo hapo. Alishuka kitini, akaenda hadi mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kukaa, andazi lingali mkononi. Ndipo akaangua kilio. Kwa wiki mbili hakukubali kuketi mahali ambapo mlango hauonekani. Penseli ikimwanguka, aliipapasa sakafuni bila kuinamisha kichwa.

Tulimkosea wote wawili, mama na mimi. Tulimfundisha kwamba ukizubaa, mtu wako anapotea.

Kulia wakati wa kuachana na mzazi ni jambo la kawaida kwa mtoto mdogo, na si dalili kwamba umemdekeza wala kwamba shule ni mbaya. Wengi hunyamaza kabla sijamaliza kuita majina. Kinachosaidia ni kwaheri ya wazi na fupi. Mshike, mwambie unaondoka, mwambie utarudi lini, kisha uondoke kweli. Hilo la “lini” liseme kwa saa anayoijua yeye. Mtoto wa miaka sita hana habari na saa tisa na nusu, lakini anajua uji, anajua chakula cha mchana, anajua kengele ya kwenda nyumbani. “Kengele ya mwisho ikilia utanikuta kwenye ule mti.” Basi uwe kwenye ule mti. Ukijua utachelewa, mwambie mapema ni nani atakayekuja, maana mtu wa boda asiyetarajiwa, hata awe jirani, anaweza kuivuruga kazi ya wiki nzima.

Kuna wanaokwenda upande wa pili, wanarudi dirishani mara tatu kuchungulia. Kila ukichungulia, mtoto anaachwa upya.

Na usishtuke mtoto aliyeingia kwa furaha wiki ya kwanza akianza kulia wiki ya pili. Wiki ya kwanza kila kitu ni kipya. Ya pili ndipo ukweli unapomfikia. Niliwahi kuulizwa na msichana mmoja Jumanne asubuhi, uso umemshuka kabisa: “Kumbe hata kesho?”

“Ngoja ufike kwa mwalimu, utaona cha mtema kuni”

Likizo ya Novemba na Desemba ni ndefu. Mtoto akishashinda nguvu za nyumbani, mwalimu hugeuzwa zimwi la kumtishia. Halafu Januari mnataka mtoto amwachilie mama mkono aje kwa zimwi kwa miguu yake mwenyewe.

Adhabu ya viboko iliondolewa katika kanuni za shule zetu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kiakili, kifungu cha 36. Sitasema viboko vimekwisha. Nafanya kazi shuleni na nina macho. Mtoto akikuambia amepigwa, nenda kwa mwalimu mkuu, na asipokusikiliza, Tume ya Huduma za Walimu ndiyo yenye mamlaka ya nidhamu juu yetu. Ila usiwe wewe uliyemtangulizia mtoto hofu hiyo nyumbani. Nainua rula kupiga mstari ubaoni, na kwenye dawati la mbele kuna mtoto anayejikunja kama jongoo. Hajawahi kupigwa na mimi. Ameahidiwa.

“Mwongeleshe Kizungu tu, asije akabaki nyuma”

Hii ndiyo inayonipandisha presha.

Naona wazazi wanaozungumza Kijaluo safi kabisa wao kwa wao, wakimgeukia mtoto wanaanza Kiingereza cha kuungaunga. Mtoto anakuja kwangu na maneno arobaini ya Kiingereza, Kijaluo anakielewa bila kukisema, na Kiswahili ni cha kwenye katuni. Hana lugha hata moja ya kunieleza kwamba kiatu kinambana.

Sera ya lugha nchini, tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule. Mtaala wa umilisi nao umeendeleza hilo hadi Gredi ya 3. Mijini kwenye mchanganyiko wa watu, kama Kisumu hapa au Nakuru, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Ukienda Siaya au Vihiga vijijini ni ile ya mama. Sababu yake si uzalendo peke yake. Mtoto hujifunza kusoma haraka zaidi katika lugha anayoifahamu tayari kwa sikio, kisha ule ujuzi wa kuunganisha herufi na sauti huhamia kwenye lugha nyingine. Hauanzi upya. Kijaluo hakimli mtu Kiingereza chake.

Sisi walimu pia tuna madhambi. Watu wa rika langu wanakikumbuka kile kibao cha kuvishwa shingoni ukinaswa ukizungumza lugha ya nyumbani. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na sheria ya Kiingereza tu darasani. Mvulana mmoja akawa ananyoosha mkono, anaushusha, ananyoosha, anaushusha. Nilidhani ana jibu. Aliposimama, kaptura ilikuwa imelowa na maji yanatiririka hadi kwenye soksi mpya nyeupe. Alikuwa anatafuta jinsi ya kuomba ruhusa kwa Kiingereza. “Adwaro dhi oko”, nataka kwenda nje, angeisema asubuhi ile ile, maana nyumbani anaisema kila siku. Tangu hapo, siku ya kwanza darasani kwangu tunafanya mazoezi ya kuomba kwenda msalani, kwa lugha yoyote mtu aliyokuja nayo, hata kwa ishara ya mkono. Mzazi unaweza kulifanya hilo nyumbani jioni moja tu: msalani, maji, naumwa. Mtoto mwenye maneno hayo matatu atamudu wiki ya kwanza.

“Anasinzia kwa uvivu”

Hebu tupige hesabu ya kawaida. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Vani ya shule inapiga honi saa kumi na mbili kasoro, kwa hiyo anaamshwa saa kumi na moja. Jana alilala saa nne usiku baada ya kipindi cha televisheni cha kina shangazi. Hizo ni saa saba. Ukiniambia ni mvivu, nitakuuliza wewe ukilala kiasi hicho chini ya mahitaji yako unakuwaje kufikia saa tano asubuhi. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaweka saa za shule za kutwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, lakini vani huwa na ratiba yake. Wa kuamka saa kumi na moja awe amelala saa mbili usiku. Na kwa kuwa tunarudi kutoka ushago, ambako wakati wa Krismasi watoto hukesha na binamu zao, usingojee Jumapili ya mwisho. Anza wiki nzima kabla, kila usiku dakika kumi au kumi na tano mapema zaidi.

Usingizi ukishatimia na bado anasinzia, tazama tumbo. Njaanuari haibishi hodi, na karo ikishalipwa, kiamsha kinywa ndicho hukatwa kwanza. Chai ya rangi peke yake haimfikishi mtoto saa nne. Kiazi kitamu cha jana kilichopashwa moto kinamfikisha.

Kisha minyoo. Hapa Magharibi tuna la kujivunia, ingawa wachache wanalijua. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za msingi huko Busia zilipewa dawa ya minyoo kwa awamu, na watafiti Edward Miguel na Michael Kremer wakahesabu mahudhurio. Utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto wa shule hizo ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua. Walichapisha matokeo mwaka 2004, na Kremer ni mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kwa hiyo fomu ya dawa ya minyoo ikija kutoka shuleni, usiifungie andazi. Kwa watoto wanaoogelea na kuchota maji ziwani kuna kichocho pia, chenye dawa yake tofauti, mwulize mhudumu wa afya. Malaria nayo imekita mizizi hapa kando ya ziwa kuliko kwingineko nchini, na mtoto wa umri wa shule anaweza kutembea na vijidudu vyake mwilini bila homa ya kuonekana, akawa mchovu tu. Akilegea kwa siku kadhaa, mpeleke akapimwe damu kabla hujamwita mzembe.

“Begi jipya na viatu vipya, mambo shwari”

Jumapili ya kabla ya kufungua, soko la Kibuye halipitiki. Sina ugomvi na ununuzi. Sare hasa ni muhimu: huko huko Busia, watafiti walipofuatilia watoto waliopewa sare bure, utoro ulipungua, zaidi kwa wale ambao hawakuwa nayo kabisa. Mtoto huona aibu, tena mapema kuliko tunavyodhani.

Lakini vaeni hivyo viatu nyumbani kwanza. Nina darasa la watoto zaidi ya hamsini, na saa ya michezo nafunga kamba za viatu kama fundi. Mkebe wa chakula ambao mtoto hawezi kuufungua ni sawa na kumnyima chakula, kwa sababu wengine huona haya kuomba msaada na kuurudisha nyumbani umejaa. Mama anasema amekataa kula. Mwache aufungue mara tano mbele yako kabla ya siku yenyewe.

“Tuisheni ya Desemba itamtanguliza”

Tuisheni ya likizo imekatazwa na sheria ile ile ya 2013, kifungu cha 37. Na mtoto anayekuja Januari akiwa hajapumzika tangu Novemba ndiye ninayemkuta amelalia dawati.

“Huyu ni mkubwa, ameshazoea shule”

Kutoka Gredi ya 6 kwenda ya 7, mtoto anaweza kubaki kwenye uwanja ule ule, kwa sababu sekondari ya chini imewekwa katika shule za msingi tangu Januari 2023. Watu hudhani hakuna kilichobadilika. Lakini amemwacha mwalimu mmoja aliyemjua hadi kikohozi chake, sasa kila somo lina mtu wake. Wa Gredi ya 10 ndio zaidi: shule mpya, pengine kaunti nyingine, bweni, na masomo ya mkondo aliochagua akiwa bado mdogo. Hawa hawalii getini. Huwa kimya, husema “niko sawa”, hukosa hamu ya kula. Dadangu wa Nakuru huongea na mwanawe wakiwa wanaosha vyombo, kila mtu macho kwenye sufuria yake, na anasema humo ndimo habari hutoka.

“Muulize amejifunza nini leo”

Utajibiwa “hakuna”. Hata kama siku nzima tumehesabu, tumeimba, tumepanda maharagwe kwenye kopo. Swali ni kubwa mno kwa mtoto aliyechoka na mwenye njaa. Mpe chakula kwanza, mwache avue viatu, kisha muulize kitu kidogo: nani alikalia kiti cha kando yako, nani aliitwa na mwalimu, uji ulikuwa na sukari?

Binti yangu alipoanza Gredi ya 1, shule nyingine si yangu, aliniambia amekaa na mtoto mwenye kifutio cha kijani. Kesho yake nikauliza, yule mwenye kifutio cha kijani alikuja? Alikuja. Siku ya tatu hakuja, na usiku huo nilipata maelezo ya nusu saa kuhusu kiti kitupu. Jina la mwenzake hakulijua mpaka Februari.